Chokaa ya Makaburi ya Kyabitoke

Kuku ndiye aliyeharibu mambo.

Bila yule kuku, Kemilembe angemaliza chai yake, angetia sahihi orodha kama alivyotia sahihi orodha nyingine nyingi, na kesho yake saa sita mchana vibanja arobaini na viwili vya migomba vya kijiji cha Kyabitoke vingewaka moto bila mtu kuuliza swali. Lakini kuku alisimama katikati ya picha ya kumi na saba, mguu mmoja juu, akiikodolea kamera macho kama mtu aliyecheleweshewa chakula, na alikuwa wa manjano. Si manjano ya kifaranga. Manjano ya embe bivu, kuanzia shingo hadi mkia.

"Wewe nani kakupaka?" Kemilembe alimuuliza.

Alikuwa fundi wa rangi katika Kituo cha Picha cha mkoa, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfupi, mbishi, mwenye tabia ya kuongea na picha kuliko anavyoongea na watu. Kazi yake haikuwa kuhukumu. Hukumu ilikuwa ya Jicho, ile mashine iliyokaa ghorofa ya chini ikila umeme na kupozwa kwa maji ya ziwa. Kila msimu vipungu, vyombo vya kuruka vyenye ukubwa wa sahani, vilipita juu ya migomba ya mkoa mzima vikipiga picha. Jicho lilisoma rangi ya majani. Kibanja ambacho majani yake yalikuwa yameingia manjano ya mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, kilichomwa chote, kikamwagiwa dawa, kikafungwa kwa miaka kumi na miwili, na mwenyewe haruhusiwi hata kukanyaga. Ukali huo ulikuwa na sababu yake. Wazee waliikumbuka Njaa ya Matoke, jinsi watu walivyowahonga mabwana shamba waseme mgomba mgonjwa ni mzima, mpaka mnyauko ukala nusu ya nchi. Tangu hapo ushahidi wa macho ya binadamu haukupokelewa tena. Picha tu.

Orodha ya Kyabitoke ilikuwa na vibanja arobaini na vitatu. Arobaini na viwili viliandikiwa neno moja: MNYAUKO. Kimoja tu, cha thelathini na moja, kiliandikwa SALAMA, nacho kilikuwa cha Kokuberwa, dada mkubwa wa marehemu mama yake, aliyemlea Kemilembe tangu akiwa na miaka sita. Alipoliona jina hilo alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaona aibu kushukuru mbele ya majina ya majirani wote wale, watu waliompa ndizi na makofi alipokuwa mtoto, na ndipo alipoanza kufungua picha moja moja, labda kwa kujiadhibu. Hivyo ndivyo alivyomkuta kuku.

Akafungua maelezo ya picha. Tarehe, saa, urefu kutoka ardhini, namba ya kipungu. Chini kabisa: *Wasifu wa rangi: hakuna.* Akafungua picha nyingine. Hakuna. Akayaita maelezo ya picha zote arobaini na tatu kwa pamoja: hakuna.

Aliiacha chai ipoe akapanda ngazi hadi kwa mkuu wa kituo.

"Mkuu, picha za Kyabitoke zimekuja uchi."

Masunga alikuwa mtu mkubwa, mpole, asiyeachana na karanga zake hata kwenye kikao. Aliisukuma sahani pembeni. "Uchi vipi?"

"Hazina wasifu wa rangi."

"Nieleze kama unavyomweleza mama yangu mzazi."

Kemilembe alifikiri kidogo. "Mama yako anakutumia mapishi ya mchuzi. Anaandika: chumvi, vijiko viwili. Hasemi kijiko gani. Kuna kijiko cha chai na kuna upawa. Namba ni ileile, lakini mchuzi mmoja unalika na mwingine unatemwa. Picha ni namba tupu, Mkuu. Wasifu ndio unaosema kijiko gani."

"Na hivi vipungu havikusema?"

"Ni vya akiba. Vimetolewa stoo Jumatatu, maana vile vizuri vyote viko Karagwe. Ndiyo mara ya kwanza vinaruka."

"Sasa Jicho likikosa kuambiwa kijiko, linafanyaje?"

"Linatafuta kitambaa." Serikali ilikuwa imegawa kitambaa cheupe kwa kila nyumba, na siku ya picha kilitandazwa chini ya mgomba wa kwanza, mahali kipungu kitakapokiona. "Linachukulia kwamba kile kitambaa ndicho cheupe halisi, linapima rangi nyingine zote kwa hicho."

"Mbona kanuni nzuri? Aliiandika nani?"

"Mimi."

Masunga akaacha kutafuna.

"Kitambaa kwenye picha ni cheupe kweli," Kemilembe aliendelea haraka, kabla hajaulizwa. "Tatizo ni kwamba kila kitu kingine kinachotakiwa kuwa cheupe si cheupe. Tazama kuku huyu. Tazama na kaburi hili."

Kyabitoke, kama vijiji vyote vya upande ule, wafu huzikwa kibanjani, kati ya migomba, na kila mwaka wiki ya kuwaombea marehemu makaburi hupakwa chokaa upya. Kaburi la picha ya kumi na saba lilikuwa na rangi ya siagi. La kumi na nane, siagi. La ishirini, siagi iliyokaa juani.

"Makaburi yote ya kijiji anayapaka mtu mmoja, kwa pipa moja la chokaa ya parokia," Kemilembe alisema. "Ameyapaka wiki iliyopita. Chokaa ni moja, Mkuu. Nikienda kuipima kwa mkono wangu, nitajua kijiko. Sheria hairuhusu fundi kupima jani, lakini inaruhusu kubadili rejea, kile cheupe cha kupimia."

"Na ukikosea? Tukiuacha mnyauko wa kweli ukatembea?"

"Ndiyo maana naenda. Nimechoka kukisia."

Masunga alitazama saa ya ukutani. "Orodha inafungwa saa kumi na moja jioni. Ikishafungwa, hata mimi siwezi kuifungua. Chukua pikipiki."

Akiwa kwenye ngazi Kemilembe alikumbuka kwamba picha ya thelathini na moja hakuifungua. Alijiambia hana muda.

*

Kijiji kilikuwa kinahama. Watu walibeba magodoro vichwani, masufuria, picha za harusi, milango iliyong'olewa na bawaba zake. Hakuna aliyelia kwa sauti. Walikuwa wamekwisha kulia jana orodha ya awali ilipobandikwa.

Nyumba ya kumi na saba ilikuwa ya Leokadia, mama mnene mwenye ulimi, na yule kuku alikuwa uani akiparura kana kwamba dunia haina habari. Alikuwa mweupe kama unga.

"Umekuja kutuchungulia tunavyofungasha?" Leokadia alisema bila kusalimia.

Kemilembe alipiga goti akaamkia kama alivyofundishwa, na hapo mama yule akalazimika kuitikia. Kisha akasema, "Nimekuja kuliona kaburi la baba mkwe wako, mama. Na kitambaa."

"Kitambaa kimekosa nini? Kitambaa changu ni kisafi kuliko cha altareni!"

Alikileta kimekunjwa mara nne. Kemilembe akatoa kipima rangi, kidude cha ukubwa wa kiberiti, akakibandika kwenye chokaa ya kaburi. Nyeupe, safi, haina upande. Akakibandika kwenye kitambaa. Akasoma, akafuta kioo kwa kidole, akasoma tena.

"Mama, kitambaa hiki unakifuaje?"

"Kama mtu aliyelelewa. Sabuni, jua, suuza mara mbili, halafu bluu ya nguo."

"Bluu kiasi gani?"

"Pakiti nzima! Siku ya picha vitambaa vinatandazwa mbele ya macho ya watu wote. Ulitaka cha Adventina kipite changu kwa weupe?"

"Na kilipita!" sauti ilijibu kutoka upande wa pili wa uzio. "Mimi nilitia pakiti mbili!"

Kemilembe alikaa chini kwenye kitanda kilichopinduliwa. Katika waraka wa vitambaa alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: *kiwe safi na cheupe.* Hakuandika wasitie bluu. Alizaliwa kijiji hikihiki, alisuuza mashati ya shule kwenye beseni la bluu tangu mikono yake ilipoweza kukamua nguo, na jambo hilo halikumpitia kichwani hata mara moja. Wataalamu watatu wa mji mkuu walipitia waraka ule nao hawakuona kitu. Pengine nguo zao zilifuliwa na watu wengine.

"Ni bluu," alisema. "Mama Leokadia, ni bluu iliyowahukumu. Macho yetu yakiona bluu kidogo kwenye nguo yanadhani ni weupe uliozidi. Mashine haidanganyiki hivyo. Imeona kitambaa kina bluu, imeambiwa hicho ndicho cheupe, basi ikapunguza bluu kwenye picha nzima mpaka kitambaa kikalingana. Ukipunguza bluu, manjano inatokeza. Kwenye kuku, kwenye kaburi, kwenye jani."

Leokadia alimtazama kuku wake. Akatazama migomba yake, mikubwa, yenye mikungu inayoelekea ardhini.

"Yaani tulikuwa tunachomewa kwa sababu ya usafi?"

"Hamchomewi. Nipeni saa mbili."

Leokadia alijifunika uso kwa kile kitambaa akalia ndani yake, na Kemilembe, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatiana, alimshika bega mpaka akatulia.

Alipima makaburi tisa. Chokaa ilikuwa moja, kama alivyosema. Kila alipopita aliomba kitambaa, na kila kitambaa kilikuwa na bluu yake, cha huyu pakiti moja, cha yule moja na nusu. Habari ilimtangulia mbio kijijini. Alipofika nyumba ya kumi alikuta milango inarudishwa kwenye fremu zake. Mwenyekiti wa kijiji alimfuata nyuma akimsifu kwa sauti kubwa, na mtu mwingine alimletea mkungu wa ndizi ambao hakuwa na mahali pa kuufunga kwenye pikipiki.

Katikati ya furaha ile wazo likamjia. Vitambaa vyenye bluu vilitoa majani ya manjano. Sasa kitambaa cha Mama Mkubwa Kokuberwa kilikuwa na nini, hata majani yake yakawa ya kijani?

Aliuacha mkungu kwa mwenyekiti akaenda polepole.

*

Ua wa Kokuberwa ulikuwa umejaa mali za watu. Kwa kuwa kibanja chake peke yake ndicho kilichosalimika, nusu ya kijiji ilikuwa imeleta vitu hapo: vitanda, mashine ya kushona, mbuzi wawili, sanduku la bibi harusi. Mwenyewe alikuwa jikoni, mwanamke mrefu wa miaka sabini na moja, akikaanga senene, wale panzi wa kuliwa, katika moshi.

"Mwanangu! Kaa, kaa. Ni wa msimu huu, wameanguka kama mvua." Alimimina kwenye kibakuli. "Hawa watu wananitia huruma, Kemi. Nimewaambia wote waje walale hapa. Nyumba ndogo, lakini tutabanana."

Kemilembe alipiga goti, akapokea kibakuli, akala wawili kwa heshima. "Mama Mkubwa, kitambaa cha serikali kiko wapi?"

Kokuberwa akacheka, akaziba mdomo kwa aibu. "Usiniumbue kwa wakubwa wako, waitu, mwanangu." Akaonyesha kwa kidevu. Juu ya ungo wa senene, karibu na moto, kilitandazwa kitambaa cha serikali, kimeiva kwa mafuta na moshi mpaka kikawa na rangi ya meno ya mzee. "Hakuna kitambaa kinachokausha senene kama kile. Siku ya picha nilikikung'uta tu nikakitandaza. Kwani walilalamika?"

Hawakulalamika. Kemilembe alikipima, na mkono wake ulianza kujua kabla ya kichwa. Kitambaa kilikuwa cha manjano. Jicho liliambiwa hicho ndicho cheupe. Basi likapunguza manjano kwenye picha nzima.

Alitoka nje, akaenda kwenye kaburi la mama yake lililokuwa hatua thelathini kutoka mlangoni. Alipima chokaa. Nyeupe, haina upande. Hapo ndipo alipoifungua picha ya thelathini na moja, kwenye kioo cha mkononi, na kaburi lile lilikuwa la bluu, bluu ya mbali kama milima ikitazamwa asubuhi. Akaweka chokaa kuwa rejea mpya. Picha ikajipanga upya mbele yake. Kaburi likawa jeupe. Na nyuma yake, kwenye migomba mitatu ya upande wa jiko, kingo za majani zikaingia manjano.

Alitembea hadi kwenye ile migomba. Majani yalikuwa yamekatwa kingo kwa kisu, kwa uangalifu, jani kwa jani, na makovu ya juzi yalikwisha kukauka. Kingo mpya zilikuwa zinaanza kugeuka. Hakuhitaji mashine.

"Niliona kabla ya picha," sauti ya Mama Mkubwa ilisema nyuma yake. Hakuwa anacheka tena. "Nikakata. Nikajiambia ni jua."

"Mama Mkubwa, mnyauko haukatwi kwa kisu."

"Najua. Mimi nimezaliwa kwenye njaa ile." Alifuta mikono kwenye nguo yake. "Wale wengine umewaokoa?"

"Nikituma vipimo vya chokaa, wamepona wote."

"Basi tuma vyao tu. Mimi Jicho limekwisha kusema niko salama. Nani atarudi kuuliza?"

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuumiza Kemilembe. Kioo chake kilikuwa wazi mkononi: *Chagua picha za kupimwa upya.* Angechagua arobaini na mbili, ya thelathini na moja ibaki ilivyo, na hakuna mtu duniani ambaye angeona. Masunga hakuijua picha ile. Jicho halikuwa na desturi ya kujishuku.

"Hii migomba mitatu tutaing'oa wenyewe," Kokuberwa alisema, sasa kwa haraka. "Mimi na wewe, sasa hivi. Tuchimbe hadi mizizi, tuchome, basi. Kemi, mama yako amelala pale. Wakifunga hapa, miaka kumi na miwili! Nitakuwa na miaka themanini na mitatu, kama nitakuwepo. Nani atampaka chokaa? Nani atanizika karibu naye? Damu ni nzito kuliko maji, mwanangu. Nilikuchukua hujui kujifunga kamba za viatu."

Kemilembe alishindwa kumtazama. Alizitazama mali za watu uani, mashine ya kushona, sanduku la bibi harusi. Kati ya kibanja hiki na cha Leokadia hapakuwa na ukuta, palikuwa na njia ya mbuzi. Mnyauko ulikaa kwenye udongo, kwenye kisu, kwenye nyayo za yeyote aliyepita, na kijiji kizima kilikuwa kimepita hapa tangu jana kuweka magodoro yao salama.

"Nikinyamaza," alisema, "mwakani tutachoma vyote arobaini na vitatu, na safari hiyo picha haitakuwa na kosa. Leokadia ataniuliza nilijua lini. Nitamwambia nini, Mama Mkubwa? Nilikuwa nimesimama hapa na kipimo mkononi. Hiyo kanuni ya kitambaa niliikisia ofisini, nikaona inatosha. Leo sikisii. Leo najua."

"Na mimi?"

"Na wewe ndiye mama yangu. Nyumba yangu ni yako kuanzia leo. Lakini siwezi kukuficha."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wote wawili waliijua methali hiyo vizuri, ila hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitamka. Kemilembe aligusa *chagua zote.* Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Alituma.

Jicho lilijibu baada ya dakika tisa. Vibanja arobaini na viwili: SALAMA. Kimoja, cha thelathini na moja: MNYAUKO.

Kokuberwa aliusoma ujumbe mwenyewe, akiwa ameushika ule mkono wa Kemilembe wenye kioo. Aliuachia mkono, akaenda uani, akashika kitanda cha kwanza cha jirani akaanza kukiburuta nje hadi njiani. Kemilembe alipokuja kushika upande wa pili, alisema, "Acha. Umeshafanya yako." Akakiburuta peke yake.

*

Kesho yake saa tano na nusu kikosi cha moto kilikuwa kimepanga mipira yake ya maji kuzunguka kibanja. Masunga alikuja mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na mifukoni hakuwa na karanga.

Majirani walikuwa wamesimama njiani. Waliwasili asubuhi kuchukua vitanda vyao, wakaishia kuhamisha na vitu vya Kokuberwa: kinu, viti, redio, sanduku, na mlango. Wanakijiji wote walitakiwa kuosha miguu na majembe kwenye beseni la dawa kabla ya kupita, na Leokadia alisimamia beseni hilo kwa ukali ambao serikali haijawahi kuwa nao. Kokuberwa alikuwa ameitikia salamu ya kila mtu isipokuwa ya mtu mmoja. Alikuwa amepita mbele ya Kemilembe mara tatu kama mtu anayepita nguzo.

Kemilembe hakulalamika. Alikuwa na kazi. Tangu alfajiri alikaa kwenye ngazi za nyumba ya mwenyekiti akilinganisha chokaa, vitambaa na vipimo vyake, mpaka akaupata ule wasifu ambao vipungu vya akiba vilipaswa kuwa nao tangu mwanzo. Kanuni yake ya zamani alikwisha kuifuta. Mahali pake aliandika sentensi moja: picha isiyo na wasifu isihukumiwe. Masunga alikuwa ameisoma mara mbili akatia sahihi.

"Picha ya mwisho," mkuu wa kikosi aliita. Sheria ilitaka kibanja kipigwe picha kabla ya moto, kitambaa kikiwa mahali pake. "Kitambaa kipo?"

Kemilembe alianza kutafuta kipande chochote cheupe kwenye begi lake.

"Kipo," Kokuberwa alisema.

Alitokea nyuma ya nyumba isiyo na mlango, amevaa gauni la kanisani. Kitambaa kilikuwa mikononi mwake, bado kibichi. Alikuja moja kwa moja hadi kwa Kemilembe akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu jana alimtazama usoni.

"Nimekifua mara nne. Sabuni tupu na majivu. Bluu sikutia hata chembe. Kipime."

Kemilembe alikibandikia kipima rangi. Alisubiri namba zitulie. "Ni cheupe, Mama Mkubwa."

"Cheupe kweli, au cheupe cha kunipendeza?"

"Cheupe kweli."

Kokuberwa aliingia kati ya migomba yake. Hakukitandaza chini ya mgomba wa kwanza, kama waraka ulivyosema. Alikitandaza juu ya kaburi la mdogo wake, akakilainisha pembe zote nne kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemtandikia mgonjwa. Mkuu wa kikosi alitaka kusema kitu. Masunga alimwekea mkono kifuani.

"Sasa piga," Kokuberwa alisema bila kugeuka. "Nataka ionekane rangi yake. Watu wasije wakasema Kokuberwa alichomewa kwa ajili ya senene."

Kwenye beseni la dawa Leokadia alitoa kicheko, na kicheko kile kikamgeukia njiani kikawa kilio.

Kipungu kilipanda, kikaning'inia, kikashuka. Picha ikafika kwenye kioo cha Kemilembe: *Wasifu wa rangi: hakuna.* Aliuandika wasifu ule ndani ya picha kwa mkono wake, herufi kwa herufi, machozi yakimdondokea kwenye vidole, na rangi zikakaa mahali pake. Migomba ilikuwa ya kijani. Majani ya ile mitatu, manjano. Kaburi na kitambaa vilikuwa vyeupe sawasawa, hata usingeweza kusema kimoja kinaishia wapi, na pembeni yake palikuwa na mwanamke mrefu mwenye gauni jekundu la kanisani.

Alimpelekea Mama Mkubwa aone. Yule mama alikishika kioo kwa muda mrefu, akikisogeza mbali na macho yake ya uzee, kisha karibu.

"Ndivyo palivyokuwa," alisema mwishowe. "Hiyo usiipoteze."

"Siipotezi."

"Miaka kumi na miwili ikiisha utanileta tena hapa, hata kwa kunibeba."

"Nitakubeba."

Kokuberwa akakunja kitambaa, akakitia kwapani, na akanyoosha mkono wake wa kushoto ashikwe, kwa maana ardhi ile ilikuwa na mizizi mingi. Wakatoka pamoja hadi njiani, wakaosha miguu kwenye beseni, na Kemilembe akamwambia Masunga kwamba picha iko sahihi.